Mazabodi Yao, Prosesa Yetu

Mkomani, Amu
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwa Ami yangu mpenzi na mheshimiwa, Bwana Nabhan,
nyumba ya jirani, mlango wa kuchonga

Ami, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi sijambo, nawe najua hujambo, kwa sababu nakusikia ukikohoa upande wa pili wa ukuta ninapoandika haya. Usistaajabu kuletewa barua na mtu ambaye angeweza kukugongea mlango. Nimejaribu kusema kwa mdomo mara tatu. Mara zote tatu Shangazi Saadiya aliingia na kahawa, mazungumzo yakageuka kuwa idadi ya mbuzi wa walima, nami nikarudi nyumbani na lalamiko langu likiwa zima. Maandishi, alhamdulillahi, hayakatizwi na kahawa.

Nakuandikia wewe kwa vile tangu Baba alipofariki, Allah amrehemu, wewe ndiye walii wangu, na Ijumaa hii baada ya swala ya alasiri ndiwe utakayeniozesha kwa Musab wa Kizingitini. Kwa heshima na taadhima naomba nikaha hiyo isimame. Sababu nitazitaja kwa nambari, maana nakujua unavyopenda mambo yaliyopangwa.

1. Mahari ni haki ya mwanamke, ataje atakacho. Hayo ulinifundisha wewe mwenyewe nikiwa darasa la sita, kidole chako kikigonga meza. Basi nilitaja. Niliandika kwa mkono wangu na kutia sahihi: mazabodi moja nyekundu (ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta), prosesa moja nyekundu (ubongo wake), memori ya kutosha, na skrini mbili za kuongeza kwenye ile moja niliyo nayo. Niliposema nyekundu sikukusudia rangi ya kupaka, Ami. Prosesa za kompyuta kama yangu hutoka kwa kampuni mbili kubwa, na sisi wachezaji tunaziita nyekundu na buluu kama watu wanavyoziita timu za mpira. Ukasoma, ukavua miwani, ukaniuliza mbona wenzangu huomba dhahabu. Dhahabu nitaivaa harusini mara mbili kwa mwaka, nyingine iwe ya kuazimwa na binti zako. Prosesa nitaitumia kila siku.

Na nyekundu sikuichagua kwa ushabiki. Zote mbili zina nguvu, zote zingeweza kazi yangu. Lakini mazabodi ya nyekundu, wanasema, soketi yake, pale prosesa inapokaa, itapokea prosesa za miaka ijayo bila kubadilishwa. Mazabodi ni nyumba, prosesa ni anayehamia. Huku kwetu ambako kila kitu chaja kwa basi mpaka Mokowe, kisha boti, kisha punda, nilitaka nyumba ambayo baada ya miaka mitatu naweza kumtoa aliyemo nikamweka mwingine bila kubomoa ukuta. Nasema prosesa tu, Ami.

2. Uliniuliza skrini tatu za nini, nikasema za kazi. Sikusema uwongo. Wajua ninapokea wageni wa ile hoteli ya Ras Kitau kwa kompyuta: skrini ya kushoto ingekuwa ya vyumba, ya kulia ya barua za wageni. Ya katikati hukuniuliza. Ya katikati naendesha lori.

Ni mchezo, Ami, wa malori makubwa yanayokata Ulaya yote, theluji, madaraja na mizani. Mbele ni barabara, kushoto kioo, kulia kioo, ndiyo maana skrini ni tatu. Kompyuta niliyo nayo ni ile aliyoiacha Baba. Ina umri wa miaka minane, nikiichomeka skrini ya pili tu, lori laganda katikati ya daraja na watu nyuma wapiga honi. Mwanao Fadhil alipokueleza haya ulicheka mpaka ukashika mbavu, ukauliza: lori hilo ndia yake i wapi, na mji mzima twapishana na punda? Ndiyo sababu, Ami. Mtu mwenye barabara kuu mlangoni kwake angeomba mahari ya kompyuta kwa nini?

3. Badala ya kununuliwa nilichoandika, uliitisha kikao. Kikao kilikaa siku tatu kwenye daka lako, pale kibarazani mlangoni, kikanywa birika sita za kahawa, na mwenye mahari hakuitwa. Nilisikiliza kwa juu, kwenye dirisha la wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, shingo ikaniuma.

Upande wetu alisimama mwanao Fadhil na nyekundu yake, akisoma takwimu kwenye simu kwa sauti ya khatibu. Upande wa bwana harusi alisimama kaka yake Musab, Bwana Barka, akasema wao ndio watoao mahari, na hawatatoa kitu kilichochaguliwa na watu wa Amu peke yao. Kwao Kizingitini kompyuta ya ofisi ya samaki ni ya buluu, na haijazima tangu ilipowashwa. Muuza halua akasema yeye angependa buluu kwa vile ni rangi tulivu. Siku ya pili kuna watu walikuwa hawapokeani salamu. Siku ya tatu mzee mmoja, simtaji, aliuliza kama hiyo prosesa inaliwa moto au baridi.

4. Hapa ndipo penye kidonda changu. Ulisimama siku ya tatu, nikakusikia ukisema watu wasigombane, kheri iko katika sulhu. Nikajua nimekwisha. Ulitoa hukumu ileile uliyotoa kwenye chakula cha walima: pilau yao, biriani yetu. Mazabodi iwe ya buluu, kwa heshima ya Kizingitini. Prosesa iwe nyekundu, kwa heshima ya Amu. Watu wakasema takbir. Ukapanda basi na Bwana Barka mpaka Mombasa, mkaingia maduka mawili, mkarudi mmeshikana mikono.

Ami, pilau na biriani zikikutana zinakutana tumboni. Mazabodi ya buluu ina soketi yake, prosesa nyekundu ina umbo lake, na hazikuumbwa kujuana. Ni ufunguo wa nyumba hii na kufuli la nyumba ile. Umenunua vitu viwili vizuri sana, vya bei sana, na pamoja havina faida hata ya kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

5. Vikaletwa. Sikatai kwamba vililetwa vizuri: juu ya sinia, chini ya kitambaa cha tarizi, wanawake wakipiga vigelegele mpaka pwani wakasikia. Lakini Shangazi Saadiya, kwa mapenzi yake, alivifukiza udi kwanza. Kisha akachukua mrashi akavinyunyizia marashi ya waridi, kama anavyonyunyizia kila kitu cha bibi harusi. Mazabodi, Ami. Ndani ya zile tundu ndogo ndogo. Nilikaa siku mbili nikiipepea kwa kipepeo cha mkaa, na mpaka leo chumba chote chanukia kama maulidi.

6. Nilipolia kwamba haziingiani, mlinihurumia, hilo nashukuru. Mkaniletea Bwana Shuaib. Namheshimu Bwana Shuaib. Mlango wako yeye ndiye aliyeuchonga, na hakuna fundi wa mbao Amu nzima anayemfikia. Lakini alikuja na patasi na tupa. Aliweka prosesa juu ya soketi, akafumba jicho moja, akasema ni kiasi cha milimita mbili tu, aondoe hapa na hapa itakaa kama imezaliwa humo. Alikwisha kupuliza vumbi kwenye tupa nilipopiga ukelele. Ule ukelele wa Jumamosi uliowafanya majirani wadhani kuna msiba ulikuwa wangu, na sababu ndiyo hiyo.

7. Lalamiko la saba lilimhusu Shangazi na mbuzi. Nimelifuta, ameniomba.

8. Skrini mbili zililetwa kama nilivyoomba, na hilo peke yake lingestahili sadaka. Ila sikuziona kwa siku nne. Shangazi alizishonea vitambaa vya kufunika, vyenye mikia ya nyuzi, akazipanga kwenye zidaka za ukuta wa ndani, vile vishubaka vya kuwekea vyombo vya pambo, na mbele ya kila moja akaegemeza sahani ya kale ya bibi. Wageni wakija wanaonyeshwa. Wanasema mashallah. Mmoja aliuliza kama ni vioo vya kuwekea picha za maharusi.

9. Sasa nifike kwa mwenyewe, bwana harusi. Kwanza lazima nikiri jambo, nawe kaa chini. Unaamini kwamba mama yake Musab aliniona kwenye harusi ya Matondoni akanipenda. Kuniona aliniona. Lakini alikuwa ametumwa na mwanawe aje anione.

Kila Ijumaa baada ya alasiri tuna msafara wa malori, watu sita au saba wa pwani hii hii, kila mtu kwao, tunaendesha pamoja mtandaoni. Hatuonani, twaonana taa tu. Nyuma yangu daima lilikuwa lori moja la kijani la Musab, mfanyabiashara wa kamba wa baharini wa Kizingitini. Miezi kumi na minne, Ami, lori lile lilifuata taa zangu za nyuma, halikunipita hata siku moja, halikunipigia honi. Wengine wote walinipita, wengine kwa matusi. Nikasema moyoni: mwanamume anayejua kukaa nyuma ya mwanamke kwenye mlima wa kilomita tisa bila kulalamika, huyo ana adabu ya kutosha nyumba nzima. Ndivyo nilivyompenda, na sioni aibu kukuandikia.

Ulipopelekewa posa ulikataa mwanzo. Ulisema watu wa Amu na watu wa Kizingitini hawaingiani, mambo yao mbali, yetu mbali. Nililia, hukula siku mbili kwa kunionea huruma, ukakubali. Lakini tangu posa Musab ametulia kimya, hajaandika neno. Najua, ni heshima. Ila mtu aliyenyamaza wakati mazabodi yangu inanyunyiziwa marashi atanyamaza na nini kingine? Naanza kuamini hajui soketi ni nini. Na nikiitazama ile mazabodi yao na prosesa yetu zimelala sinia moja, zanukia waridi, hazifai kitu, nasema labda Ami alisema kweli mara ya kwanza. Vitu viwili visivyoingiana, hata ukivitia sanduku moja na ukavisomea dua, havitawaka.

10. Hili la mwisho sikutaka kuliandika, lakini kalamu imekwisha kufika.

Tulipoanza mimi na Baba skrini ilikuwa hiyo moja. Kioo cha kushoto kilikuwa kidirisha kidogo kwenye pembe, na mimi nikitazama mbele siwezi kukiona. Baba akavuta kiti akakaa kushoto kwangu, miwani puani, kofia kichwani kama mtu anayesafiri kweli. Kazi yake ilikuwa kukitazama kile kidirisha na kuniambia: gari laja, gari lapita, haya twende mama. Miaka minne hatukumgusa mtu. Alikuwa akisema mimi ndiye dereva bora wa Amu, naye akijua fika Amu hakuna wa kushindana nami.

Tangu aondoke nagonga kila kilichoko kushoto. Nimegonga mabasi mawili, kibanda cha tiketi cha Ujerumani na ng'ombe asiye na kosa. Sikuomba skrini tatu kwa anasa, Ami. Niliomba moja, ya kushoto. Ya kulia niliitia kwenye orodha ili usiniulize ya kushoto ni ya nini.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Kwanza, mazabodi ya buluu irudishwe Mombasa iletwe nyekundu, au prosesa nyekundu irudishwe iletwe ya buluu. Nimeshuka mpaka hapo, mimi sasa nataka ndugu wawili wa baba mmoja tu. Pili, kuanzia leo sulhu isifanywe juu ya kitu chochote chenye soketi, na marufuku hiyo itangazwe darini, mji mzima usikie. Tatu, Musab aje afanye mtihani mbele ya mashahidi wawili waadilifu, aeleze kwa ulimi wake tofauti ya mazabodi na prosesa, na akishindwa apewe muda wa miaka miwili kujisomea. Nne, mpaka hayo yatimie, nikaha ya Ijumaa isimame, mbuzi wapewe majani na waambiwe wasubiri.

Na ili pasiwe na utata: najua msichana akija kuulizwa ridhaa yake na akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ameridhia. Kimya changu safari hii kisihesabiwe hivyo. Nitakuwa nimenyamaza kwa hasira. Nakitafsiri mapema, kwa maandishi, ili kadhi asibabaike.

Nisalimie walioko nyumbani wote, wakubwa kwa wadogo: Shangazi kwa kahawa yake, Fadhil kwa takwimu zake, mzee wa moto au baridi, na mbuzi. Wakikuuliza barua imesema nini, waambie nimewaombea afya.

Ni mimi mwana wa ndugu yako, mwenye kukupenda na kukulalamikia,

Razan binti Jeilani

Nakala kwa: Shangazi Saadiya (asomewe, isipokuwa nambari ya tano), Bwana Shuaib (pamoja na tupa yake, aliisahau kwangu).

Tanbihi: Ami, barua nilikwisha kuikunja. Nimeifungua tena.

Musab amefika sasa hivi kutoka Kizingitini, amekaa kwenye daka lako, na wewe umelala, nakusikia. Hakutaka kupanda juu, akamtuma dada yake Zamzam aje aniambie mambo matatu. La kwanza, habari ya sulhu amepewa jana tu, na soketi hajui ni nini, hakujua wala hatajifanya anajua. La pili, ile miezi kumi na minne hakuwa ananionyesha adabu. Kompyuta yake ni kuukuu kuliko yangu, kila akijaribu kunipita skrini inaganda, mpaka inapozinduka mimi nimekwisha kwenda. Asema alijaribu mara kumi na moja. Nimecheka, Ami, nimecheka mpaka Shangazi akapanda mwenyewe kuja kuuliza kama nimepagawa.

La tatu, siku moja, zamani, nilimwandikia mara moja tu kwa nini nagonga vitu vya kushoto. Kumbe hakusahau. Ameuliza kama kile kiti bado kipo, na kama kuna mtu anayekikalia. Kompyuta mpya hana ya kuniletea, asema, lakini macho anayo, na amejifundisha kusema gari laja bila kupiga kelele.

Kiti kipo. Nimekifuta vumbi sasa hivi, nikalia kidogo, nimemaliza.

Basi usirudishe kitu Mombasa. Mazabodi yao na prosesa yetu ziandikwe kwenye cheti kama zilivyo. Ni mahari yangu na nimezipokea, na marashi juu. Nitaziweka kwenye kidaka pamoja na sahani ya bibi, wageni waseme mashallah. Skrini moja itatutosha. Barua hii isome ukiamka, uichane, na Musab apewe kahawa, amekaa juani.

Na yale niliyoandika juu ya kimya, yafute. Ijumaa ukija na mashahidi kuniuliza, nitanyamaza.